Gunia la Mhunzi

Baba yangu, Joash Khaemba, alihitaji giza ili afanye kazi. Watu wengine huwasha taa wanapotaka kuona. Yeye alifunga mlango. Kibanda chake kilikuwa nyuma ya karakana ya fundi Gurdit, Nakuru, ng'ambo ya reli, na kilikuwa na mabati pande zote nne, paa jeusi kwa masizi, na tundu moja la kutolea moshi. Mtu akitoka kwenye jua la mchana akaingia humo, alisimama kwanza akipapasa hewa, mpaka aanze kuona moto, na nyuma ya moto mtu mfupi mwenye kifua kipana asiyesema neno.

Kazi yake ilikuwa springi. Malori na matrela ya mashamba ya Subukia, Njoro na Molo yalivunja springi kila msimu wa mvua, nazo zililetwa kwa fundi Gurdit zikiwa vipande. Kuukunja ubao wa chuma uwe na umbo la upinde ni kazi ambayo mtu mwenye nguvu anaweza kujifunza. Shida ni kuufanya ukumbuke. Springi njema ni ile inayobonyea chini ya mzigo wa mahindi, kisha mzigo ukishushwa inarudi ilivyokuwa, mwaka baada ya mwaka. Ili ifike hapo hupashwa moto hadi iwe na rangi moja tu, ikazamishwa ghafla ndani ya mafuta machafu ya injini, halafu ikapashwa tena kwa upole ili ugumu wake upungue. Ikizamishwa kabla ya rangi ile kufika, inabaki laini. Rangi ikipita, inatoka ngumu, inapendeza machoni, lakini ndani imepata ufa ambao hakuna anayeuona, na siku moja mlimani itakatika bila kuaga.

Rangi hiyo baba aliiita tunda damu. Alimaanisha lile tunda jekundu la umbo la yai ambalo mama angelichagua sokoni, lililoiva na bado lina ngozi imara. Likishapita hapo linakuwa papai, na papai ni hasara. Tofauti ya hizo mbili huonekana gizani tu. Kwenye jua chuma hudanganya: kimeshakuwa papai, nawe bado unakiona tunda damu.

Alifundishwa haya na mjomba wake huko Kimilili, katika ukoo wa wahunzi wa Kibukusu, Waluhya wa upande huo, na pamoja na kazi alifundishwa miiko yake. Mwanamke havuki kizingiti cha kibanda. Mama yangu, Namalwa, alimletea uji miaka yote na kila siku akauweka juu ya jiwe la mlangoni, hata hapa mjini ambako hakuna mzee wa ukoo angemwona. Mtu akiweka viganja vyote viwili juu ya fuawe, yaani lile pande la chuma linalofuliwa juu yake, hawezi kusema uongo, la sivyo mikono itamkauka. Na jioni kazi ikiisha, mpiga nyundo hulaza nyundo yake juu ya fuawe. Nyundo iliyolala juu ina mwenyewe, na mwenyewe atarudi kesho. Nyundo iliyowekwa chini haina mtu.

Mpiga nyundo wake aliitwa Karanja. Alizaliwa katika shamba la mzungu huko Subukia, baba yake akiwa mchunga ng'ombe wa maziwa, na alikuja mjini baada ya vita vya pili vya dunia, mwaka mmoja na baba. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye mikono ambayo mtu hangedhani ina nguvu. Baba alishika koleo na nyundo ndogo. Alipogonga ndogo, Karanja aligonga kubwa mahali pale pale. Mama alisema ukiwasikia kutoka barabarani ungedhani ni mtu mmoja mwenye mioyo miwili. Mimi nilikuwa kwa bibi, Kimilili, wakati wa mengi ya haya ninayoyaeleza, na nimeyapata kwa mama. Mama hakuwa mtu wa kuongeza chumvi. Mara nyingi alipunguza.

Walitaniana mchana kutwa. Karanja alisema, "Khaemba, wewe kuku akikohoa tu, unaweka maji ya ugali motoni." Baba alijibu, "Na wewe siku viazi vitakapokwisha Kinangop utahama nchi." Karanja alijifunza Kibukusu cha matusi tu. Baba alijifunza Kikuyu cha salamu na cha kuita mbwa. Mkewe Karanja, Wangare, na mama yangu walibadilishana mbegu za maharagwe. Huo ndio uliokuwa urafiki wao, na mtu hawezi kuueleza zaidi bila kuuharibu.

Serikali ya wakoloni ilipotangaza hali ya hatari kwa sababu ya wapiganaji wa msituni, wahunzi walianza kutazamwa. Bunduki za kienyeji zilikuwa zikitengenezwa kwa mabomba ya maji na makomeo ya milango, na mtu yeyote mwenye moto na nyundo alikuwa mtu wa kuulizwa. Siku moja afisa mmoja alikuja karakanani na askari wawili. Alisimama mlangoni mwa kibanda, akatazama lile giza, akasema maneno machache kwa fundi Gurdit, akaondoka.

Fundi Gurdit alikaa kidogo kabla ya kuja kumwambia baba. Alikuwa mzee wa kilemba cheupe ambaye hakupenda kuleta habari mbaya, na alizileta kama mtu anayerudisha kitu alichoazima kikavunjika.

"Khaemba, ukuta inatoka," alisema. "Pande zote. Anataka kuona mikono yako kutoka barabarani."

"Nitaona chuma namna gani, fundi?"

"Nimemwambia hivyo. Nimemwambia huyu mtu anafanya kazi na giza." Fundi akashusha macho. "Hiyo ndiyo nimekosea. Alisema, mtu anayetaka giza ndiye mimi natafuta."

Mabati yalitolewa siku iyo hiyo. Yalibaki nguzo nne na paa, na moto ukawa kitu kidogo cheupe katikati ya mchana. Wapita njia walisimama kumtazama mhunzi ambaye miaka yote walikuwa wakimsikia tu. Springi tatu za kwanza alizozamisha zilipasuka. Baba hakuhitaji kuzipima. Chuma kikipasuka ndani ya mafuta kinatoa sauti ndogo, *tik*, kama kidole kinacholia mtu akikivuta, na mhunzi akishaisikia amekwisha kujua.

Alijaribu kusubiri magharibi, lakini kulikuwa na kafyu, na watu wote walitakiwa kuwa ndani. Alijaribu kujifunika kwa blanketi, yeye na moto pamoja, nusura aungue. Ndipo akachukua gunia tupu la mahindi, akalivaa kichwani hadi mabegani na kuliinamisha juu ya makaa. Humo ndani kulikuwa na giza la kutosha. Ila hakuona kitu kabisa.

"Simama hivyo hivyo," Karanja alimwambia. Akatoa kisu chake cha mfukoni, akapapasa juu ya gunia mpaka akapata yalipo macho, akakata matundu mawili madogo. Akarudi nyuma kumtazama, akaanza kucheka.

"Sasa umekuwa mtu mbaya kweli," alisema. "Nikikutana nawe njiani hivyo, nitakubali makosa hata ya babu yangu."

Baba naye alicheka ndani ya gunia. Mama, aliyekuwa mlangoni na uji, hakucheka. Mlango haukuwapo tena, lakini jiwe lilikuwapo, naye alisimama nyuma yake. Kila mtu Nakuru alijua gunia lilivaliwa kwa kazi gani siku hizo. Watu walikuwa wakikusanywa uwanjani, wanaume wa Kikuyu, wakapangwa mstari, wakapitishwa mmoja mmoja mbele ya mtu aliyeketi kwenye kiti, kichwa na mabega ndani ya gunia lenye matundu mawili. Mtu huyo hakusema. Akitikisa kichwa, anayepita alitolewa mstarini na kutiwa lorini kwenda kizuizini. Hakuna aliyejua ni nani humo ndani. Angeweza kuwa jirani, shemeji, au mtu mliyekula naye jana.

"Baba Nekesa," mama alimwambia jioni, akimwita kwa jina langu, "tafuta kitu kingine cha kujifunika."

"Kitu gani?"

"Hata ngozi. Hata suruali yangu mimi kama ningekuwa nayo."

"Karanja ndiye amelikata," baba alisema. Aliona hilo limemaliza mambo. Kama yule ambaye gunia lingemtisha ndiye aliyelitoboa kwa kisu chake akicheka, ni nani mwingine wa kuulizwa? Na springi zilikuwa zimeanza kutoka vizuri tena. Alipomaliza, alilitundika kwenye msumari wa nguzo iliyo upande wa barabara, kwa kuwa nguzo nyingine zilikuwa karibu mno na moto. Likakaa hapo likitazama njia.

Wiki chache baadaye baba alishikwa na homa ya malaria, ile inayotetemesha kitanda. Alilala chumbani kwetu siku kadhaa, mama akimpangusa. Ni katika siku hizo, asubuhi moja, askari walipouzunguka mtaa wa akina Karanja, wakawapeleka wanaume uwanjani. Karanja alikuwa miongoni mwao. Alipita mbele ya kiti, na gunia likatikisa kichwa.

Baba aliporudi kazini alikuta nyundo kubwa imelala juu ya fuawe, kama Karanja alivyoiacha siku ya mwisho waliyofanya kazi pamoja. Hakujua lolote. Alikoka moto, akasubiri. Fundi Gurdit ndiye aliyemwambia.

Wangare alikuja siku hiyo hiyo au kesho yake. Walikuwa wameamriwa kuondoka, yeye na watoto, kurudishwa Kiambu ambako hakuwa na shamba wala mtu anayemfahamu. Alisimama ng'ambo ya jiwe, mahali mama alipozoea kusimama, na hakumtazama baba. Alilitazama gunia.

"Ulikuwa wapi siku ile?" aliuliza.

"Nilikuwa mgonjwa, mama. Nilikuwa kitandani. Muulize Namalwa."

"Namalwa ni mke wako. Mimi pia wangeniuliza Karanja alikuwa wapi ningesema alikuwa kitandani."

"Gunia hili ni la kazi. Amelikata yeye mwenyewe. Ulimsikia akikuambia."

"Nilimsikia. Alikuja nyumbani akicheka." Hakuliondolea gunia macho. "Watu wanasema hata wewe ulikuwa unacheka."

Baba aliona maneno hayatoshi. Akafanya jambo ambalo kwao Kimilili lingetosha. Aliweka viganja vyote viwili juu ya fuawe na kusema, "Njoo uone. Nitaapa hapa. Nikidanganya mikono hii ikauke."

Wangare alirudi nyuma kama aliyemwagiwa maji ya moto. Miaka hiyo watu walikuwa wamefungwa kwa ajili ya kiapo cha wapiganaji wa msituni, wamepigwa kwa kukila na kupigwa kwa kukikataa. Neno lenyewe lilikuwa sumu. Baba alikuwa Mbukusu wa uhunzini na hakufikiri.

"Kiapo tena?" alisema taratibu. "Hata wewe una kiapo cha kunipa?"

Akaenda. Hakurudi kumwuliza mama kitu, na mbegu za maharagwe alizokuwa ameahidiwa zikabaki kwenye kopo letu hadi zikaingia wadudu.

Baba hakulivaa gunia tena, wala hakulichoma. Mama alimsihi alichome, naye alisema kulichoma ni kukubali. Alisema litakaa pale pale mpaka aliyelikata arudi aeleze alilikata kwa nini. Hilo ndilo alilolishikilia. Wengine waseme watakavyo: Karanja anajua. Siku Karanja atakaposimama hapa barabarani na kusema "hili gunia nimelitoboa mimi", maneno yote yatakwisha.

Bila gunia, alifanya kazi juani, na juani hakuona. Lori moja la Subukia lilikatika springi kwenye mteremko, likalala ubavu, na utingo, kijana wa Kikalenjin aliyeitwa Kipketer, akavunjika nyonga. Baba alikwenda kumtazama hospitalini. Kipketer alimwambia haidhuru, barabara ni mbaya. Baba alirudi akamwambia fundi Gurdit asimpe springi tena. Fundi akazitafutia mtu mwingine, naye baba akabaki kunyosha bawaba, kutengeneza minyororo ya nira, kuchonga ncha za majembe ya plau. Kazi hizo hazikuhitaji mpiga nyundo, lakini kila jioni aliinua nyundo ya Karanja, akaipangusa, akailaza juu ya fuawe. Asubuhi mara nyingine alikuta fuawe imetemewa mate. Aliipangusa pia.

Sokoni wanawake wa Kikuyu waliobaki waliacha kumjibu mama salamu. Walisogeza vikapu vyao, si kwa hasira, kwa namna mtu anavyosogeza nguo isiguse ukuta mbichi.

Miaka mingi baadaye, nikiwa mwalimu wa sayansi, nilihudhuria kozi ambako mgeni mmoja alituonyesha waya mfupi wa nikeli na titani. Aliupinda ovyo kwa vidole, akautia ndani ya kikombe cha maji ya moto, na waya ukajinyosha mbele yetu, ukarudia umbo ulilofundishwa motoni siku ya kwanza. Walimu walipiga makofi. Mimi nilimfikiria baba na neno lake la kukumbuka.

Mgeni alitueleza linalotokea humo ndani. Chembe za madini hujipanga kwa safu, kama matofali, na joto likibadilika safu zote hulala upande kwa pamoja, ghafla, bila chembe yoyote kuhama jirani yake. Ni jambo lile lile linalotokea springi nyekundu inapotumbukia ndani ya mafuta. Katika waya ule, joto likirudi, safu husimama tena, na umbo linarudi. Lakini hazilali zote upande mmoja. Nyingine huegemea huku, nyingine kule, na panapokutana hizi na zile safu hazilingani. Hapo baadhi huteleza nafasi moja, na zilizoteleza hazirudi. Kila kwenda na kurudi huacha kasoro chache kama hizo, ndogo kuliko kitu chochote unachoweza kukiona. Kwa nje waya ni ule ule. Nikauliza, ukiendelea kuupinda na kuupasha, mwisho wake ni nini? Alisema mwisho unarudi nusu, kisha robo, kisha hata ukiuchemsha unakutazama tu. Nikauliza kama kuna namna ya kuziondoa kasoro hizo. Alisema ipo, kuupasha moto mkali sana mpaka usahau kila kitu, lakini ukishafanya hivyo hauna umbo la kurudia isipokuwa uufundishe upya.

Karanja alirudi karibu na mwisho wa miaka hiyo ya hamsini. Mabati yalikuwa yamerudishwa kibandani. Afisa yule alikuwa amehamishwa na mrithi wake hakujali wahunzi. Baba alikuwa peke yake gizani akipuliza moto aliposikia mtu amesimama mlangoni, akipapasa hewa.

"Khaemba."

"Karanja."

Walishikana mikono. Mama, aliyekuwa akija na uji, aliwaona na kusimama mbali kidogo. Karanja alikuwa amevaa koti la kijivu la kupewa, na shingo yake ilikuwa imekuwa nyembamba, na alizoea sasa kutazama mlango kila baada ya maneno machache.

"Kuku bado wanakukimbia?" aliuliza.

"Wananikimbia. Na watu pia."

Karanja hakucheka. Baba alikuwa ameyatengeneza maneno yake miaka yote ile, lakini yalitoka machache.

"Gunia hili ulilikata wewe," alisema, akilionyesha pale msumarini.

"Nililikata."

"Basi unajua."

"Najua."

"Waambie watu. Simama tu hapo nje uwaambie."

Karanja aliketi juu ya gogo la kukatia.

"Mwaka wa kwanza kambini niliwaambia wafungwa wenzangu," alisema. "Walisema ni yule Mluhya wako. Nikasema hapana, lile ni la kazi, nililikata kwa kisu changu. Wakaniona mjinga. Wengine waliniona mbaya, kwamba natetea gunia. Nikala peke yangu. Halafu kukawa na yale maswali. Wanakuuliza leo, wanakuuliza kesho, wanakutoa kambi hii wanakupeleka ile, wanakuuliza tena. Unafika mahali unataka mtu wa kumchukia ili usimame. Na gunia halichukiki, Khaemba. Halina sura. Nikalipa sura." Akamtazama baba kwa mara ya kwanza. "Yako ndiyo niliyokuwa naijua."

"Lakini unajua si mimi."

"Hapa najua." Aligusa kichwa. Kisha akaweka mkono juu ya koti, tumboni.

Baba aliinuka, akaichukua nyundo juu ya fuawe, akampa. "Ilikuwa inakungoja," alisema. "Tupige moja. Fundi ana springi ya trela hapo."

Nadhani aliamini kwamba mikono itafanya yale ambayo maneno yameshindwa. Na mwanzoni mikono ilifanya. Walikunja masikio ya springi, ndogo ikigonga, kubwa ikifuata, na mama alisema kwa muda mfupi alisikia tena yule mtu mwenye mioyo miwili, akaketi chini kando ya njia, chungu cha uji mapajani.

Kisha ukafika wakati wa kuzamisha. Baba alifunga mlango.

Giza likaingia. Kulikuwa na moto na pumzi za mivukuto, na baadaye mama akasikia pumzi nyingine, za haraka, za mtu.

"Fungua," Karanja alisema.

"Inakaribia. Kidogo tu."

"Khaemba, fungua. Sikuoni uso."

Baba alisimama na koleo mkononi. Alijua mlango ukifunguka atapoteza rangi. Aliufungua. Mwanga wa saa sita ulimwagika ndani hadi juu ya makaa, na wote wawili wakasimama wakitazamana, jasho likiwatoka. Chuma kilikuwa motoni. Baba alikitazama, akakiona tunda damu, na alijua kwamba macho yake hayana ushahidi tena. Angeweza kukitoa na kukiacha kipoe. Mama alimuuliza mara nyingi baadaye kwa nini hakukiacha. Alisema aliogopa kwamba wakiahirisha, Karanja hatarudi kumaliza.

Akakizamisha. Mafuta yalipiga kelele, moshi ukapanda, ukatulia.

*Tik.*

Wote wawili waliisikia. Baba alikitoa kile chuma, akakifuta. Kilikuwa kizuri, kimekunjika sawasawa, hakina doa.

"Imeenda," Karanja alisema.

"Nitatengeneza nyingine. Kesho njoo mapema, kabla ya jua."

"Utafunga mlango."

"Sitafunga."

"Basi itapasuka." Alisema bila ubaya, kama mhunzi anavyomwambia mhunzi.

Akaishika nyundo kwa mikono miwili na kuitazama. Alijua desturi ile kuliko mtu yeyote asiyekuwa wa ukoo wetu. Alikuwa ameifuata kila jioni kwa miaka. Aliinama, akaiweka chini, juu ya udongo, kando ya fuawe. Akavaa koti lake. Alipompita mama njiani alimsalimu vizuri, akauliza habari za Nekesa, akasikia nimekwenda shule ya bweni, akasema ni jambo jema.

Uji haukunyweka siku hiyo.

Karanja hakusema neno barabarani, la kumtetea baba wala la kumshtaki. Alihamia Bahati, akawa mchoma makaa. Baba aliacha uhunzi mwaka uliofuata, akawa mlinzi wa lango katika nyumba moja Milimani, kisha alipozeeka tukahamia Kaptembwo, chumba kimoja na jiko nje. Gunia lilibaki kwenye kibanda cha fundi Gurdit. Sijui liliishia wapi, labda mtu alitilia makaa.

Nilipokwisha kuwa mwalimu, nikiwa nyumbani likizo moja, Karanja alikufa. Baba alisikia kwa wauza makaa na akataka kwenda kuzika. Nilimsindikiza. Tulifika wakati jeneza lilikuwa limekwisha tolewa nje, na watu walikuwa wengi, wengi wao vijana waliozaliwa baada ya mambo haya yote. Baba alisimama nje ya ua wa miiba wa kei apple, karibu na lango, amevaa kofia yake ya ulinzi iliyofunika paji la uso. Wangare alikuwa ndani, ameketi kati ya binti zake. Alimwona. Hakuinuka, hakugeuza uso.

Msichana wa miaka kama kumi na mitano, amebeba sufuria, alimnong'oneza mwenzake, nami nikasikia kwa kuwa hakujali kama tunasikia.

"Yule mzee ndiye wa gunia."

Baba alisikia pia. Alivua kofia, akaishika mkononi, akasimama hivyo kwenye jua mpaka wakamaliza kufukia, ili uso wake uonekane.